Nusu Ekari Iliyokuwa Robo: Kwa Nini Tusimfukuze Mwalimu wa Hisabati Mwenye Darasa la Kelele

Leo naweka pembeni viwavijeshi na bei ya mbaazi. Nataka tuzungumze jambo la shule. Naomba usiondoke, kwa sababu linaanzia shambani na linaishia mfukoni mwako.

Nianze na swali. Wote tunakijua kipimo chetu cha kienyeji, kwamba ekari moja ni hatua 70 kwa hatua 70. Sasa mtu ana kipande cha hatua 35 kwa hatua 35. Ana ekari ngapi?

Usisome mbele kwanza. Sema jibu lako kwa sauti, halafu muulize aliye karibu nawe, awe mke, mume au jirani, naye aseme la kwake. Kama majibu yamepishana, bishaneni kidogo ndipo mrudi hapa.

Wengi husema nusu ekari. Jibu ni robo. Ukipunguza upande mmoja tu, yaani 70 kwa 35, hapo ndipo unapata nusu. Ukipunguza na upande wa pili, umeikata ile nusu tena kwa nusu. Kwa hesabu, 70 mara 70 ni hatua za mraba 4,900, na 35 mara 35 ni 1,225. Hizo 1,225 zinaingia mara nne ndani ya 4,900.

Kama ulikosa, usione aibu. Nitakueleza nani mwingine alikosa na ilimgharimu nini.

"Bwana shamba, mmetuletea mbegu feki"

Kuna mama mmoja katika kata ninayohudumia alinipigia simu wakati wa mavuno, amekasirika. Alikuwa amelima mahindi nusu ekari. Alinunua mbegu dukani kama nilivyoelekeza, akapanda kwa nafasi nilizofundisha, mbolea akaweka, palizi mbili. Mimi kwenye mkutano nilikuwa nimesema mtu akifuata yote hayo anaweza kufikia magunia 20 kwa ekari. Yeye alitarajia 10. Akapata matano na madebe machache.

"Bwana shamba, mbegu mliyotuletea ni feki," aliniambia. "Na huyo mwenye duka nitamsema mbele ya watu."

Nilikwenda. Nilimwamkia, nikaangalia mabua, nikaangalia mabunzi, sikuona tatizo. Ndipo nikamwomba tupime shamba. Tukatembea. Hatua 35 huku, hatua 35 kule.

Msomaji, lile shamba lilikuwa robo ekari. Lilikuwa limezaa kama nilivyoahidi, na zaidi kidogo. Lakini mama alikuwa amelikodi kwa misimu mitatu akilipa kodi ya nusu ekari, shilingi 40,000 kila msimu, wakati kodi ya ekari pale ilikuwa 80,000. Alipaswa kulipa 20,000. Kwa misimu mitatu alilipa 60,000 za bure. Mbolea ya kupandia nilikuwa nimeshauri mfuko mmoja wa kilo 50 kwa ekari, yeye akaweka kilo 25 zote kwenye robo, mara mbili ya kiasi kinachotakiwa. Na nusura amharibie jina mwenye duka asiye na kosa.

Mzee mwenye shamba naye hakuwa mwizi. Tulipomwita alishangaa kweli. Na yeye aliamini kwamba nusu ya 70 ni 35, basi 35 kwa 35 ni nusu ekari. Wawili walikubaliana kosa moja na kulipana kwa hilo miaka yote.

Kilichonichoma zaidi ni hiki. Mama yule alikuwa amehudhuria mikutano yangu. Nilishasema mbele yake, si chini ya mara nne, kwamba ekari ni hatua 70 kwa 70. Kila mara niliuliza, "Tumeelewana?" na kila mara wote walijibu, "Ndiyo!" Na mimi nikafunga daftari nikaondoka nikijua nimefundisha.

Nilikuwa nimesema tu, na wao walikuwa wamenisikia. Hakuna aliyejua kama wameelewa, wala mimi, wala wao wenyewe.

Nilichokiona shuleni

Miezi michache baadaye niliitwa kwenye shule ya sekondari iliyo karibu kusaidia kupanga shamba la shule. Mwalimu wa Hisabati, kijana bado, akaniomba niingie darasa lake la kidato cha pili kwa sababu walikuwa kwenye mada ya maeneo. Nikampa lile swali langu la 70 na 35. Nilitaka nione atalifundishaje.

Hakulifundisha. Aliliandika ubaoni na majibu manne: A nusu, B robo, C theluthi, D haiwezekani kujua. Akasema kila mtu afikirie peke yake bila kuongea, aandike jibu kwenye daftari. Baada ya dakika mbili akasema waonyeshe kwa vidole, vidole viwe kifuani ili jirani asione: kidole kimoja ni A, viwili ni B, na kuendelea. Akahesabu kwa macho. Wengi walikuwa na kidole kimoja, nusu. Kama theluthi yao walikuwa na vidole viwili.

Mimi ningetoa jibu hapo hapo. Yeye hakusema nani kapata. Alisema tu, "Mtafute mwenzako mwenye jibu tofauti na lako, umshawishi."

Darasa likalipuka. Watoto wanasimama, wanachora, wanabishana, na wanabishana kwa Kiswahili. Hilo ulitie maanani, kwa sababu sekondari zetu Hisabati inafundishwa kwa Kiingereza, na mtoto wengi wao wa kijijini anapambana na lugha kabla hajafika kwenye hesabu yenyewe. Karibu yangu msichana mmoja alichana karatasi ya daftari, akaikunja mara moja. "Hii ni nusu, si ndiyo? Umepunguza upande huu tu." Akaikunja tena kwa upande mwingine. "Sasa na huu umepunguza. Ifungue uhesabu vyumba." Mwenzake akaifungua, akahesabu mikunjo, vyumba vinne. Akacheka, akafuta jibu lake.

Mwalimu akauliza tena. Safari hii karibu wote walikuwa na vidole viwili. Ndipo akaja ubaoni, akaeleza kwa utaratibu, kwa Kiingereza cha mtihani, na wakaandika. Maelezo yake yalichukua dakika sita hivi, na nikaona watoto wanamsikiliza kama watu waliokuwa wakingoja kitu.

Nilimuuliza alipata wapi muda wa kubishana hivyo wakati mada ni nyingi. Akanionyesha daftari za watoto. Jana yake walikuwa wamenakili ukurasa mmoja wa maelezo ya mada, na chini yake maswali mawili mepesi ya kujibu nyumbani. Yale maelezo ambayo mimi na wewe tulinakili darasani kipindi kizima, wao walikuja wameshayasoma. Kipindi kikabaki cha kazi ngumu.

Lalamiko la wazazi

Kikao cha wazazi kilipofika, mwalimu huyo alikuwa ajenda. Mzazi mmoja alisimama akasema, "Mwalimu analipwa mshahara afundishe. Watoto wanasema hafundishi, anawaambia wafundishane wenyewe. Yeye anazunguka madawatini. Sisi tumepeleka watoto kwa mwalimu, hatukuwapeleka kwa watoto wenzao." Watu wakapiga makofi. Mwingine akaongeza kwamba akipita barabarani anasikia kelele kama soko la mnada. Ikapendekezwa mwalimu aombewe uhamisho.

Mimi nilikuwepo, nimekaa nyuma kama mgeni mwalikwa, na nilikaa kimya. Kikao kiliahirishwa, kitaendelea baada ya mavuno. Haya ninayoandika leo ndiyo niliyopaswa kusema siku ile.

Niseme wazi kwamba mimi si mwalimu wa shule. Nina stashahada ya kilimo, na Hisabati nilifaulu kwa kuponea. Lakini kufundisha watu wazima shambani ni kazi yangu ya kila wiki, na nimeshajua uchungu wa kufundisha watu wakaitikia bila kuelewa.

Jambo hili halikuanza kijijini kwetu

Anayedhani mwalimu yule amebuni uvivu wake, asikie historia fupi.

Huko Marekani, Chuo Kikuu cha Harvard, kuna mwalimu wa fizikia anaitwa Eric Mazur. Alianza kufundisha pale mwaka 1984, na wanafunzi walimpenda, walimpa alama nzuri za ufundishaji. Baadaye aliwapa jaribio la maswali mepesi, ya kuelewa tu, si ya kuingiza kanuni. Mwanafunzi mmoja akamuuliza ajibu namna gani, kama alivyofundishwa au kama anavyofikiri mwenyewe. Matokeo yalimshtua Mazur. Wanafunzi wa chuo kikubwa namna ile waliweza kukokotoa maswali marefu kwa kanuni walizokariri, lakini hawakuelewa maana yake.

Alijaribu kueleza swali moja upya, akaeleza tena kwa njia nyingine, sura za wanafunzi bado zikawa za kuchanganyikiwa. Ndipo akawaambia wajadiliane wao kwa wao. Ukumbi ukawa na kelele, na baada ya dakika chache wakawa wameelewana. Kuanzia mwaka 1991 akaufanya huo kuwa utaratibu wake: swali, fikiri peke yako, onyesha jibu, jadiliana na jirani, onyesha tena, kisha mwalimu aeleze. Kama karibu wote wamepata mara ya kwanza, anasonga mbele. Kama waliopata ni wachache mno, anafundisha upya, kwa sababu hapo hakuna wa kumsaidia mwenzake. Mjadala unafaa pale katikati. Mwaka 1997 alitoa kitabu juu ya njia hiyo, na walimu wa hisabati nao wakaichukua.

Hilo la kusoma nyumbani kwanza nalo lina wenyewe. Walimu wawili wa kemia katika shule ya sekondari ya Woodland Park, jimbo la Colorado, Jonathan Bergmann na Aaron Sams, walikuwa na wanafunzi wengi wanaokosa vipindi. Mwaka 2007 wakaanza kurekodi masomo kwenye video ili waliokosa wasiachwe. Baadaye wakajiuliza: kama maelezo mtoto anaweza kuyapata nyumbani, kwa nini tuyamalizie kipindi kizima? Wakageuza. Maelezo yakaenda nyumbani, na yale mazoezi ambayo zamani mtoto aliyafanya nyumbani peke yake na kukwama, yakaja darasani mwalimu akiwa karibu. Hilo ndilo wanaloliita darasa lililogeuzwa.

Usiogope neno video. Mwalimu wetu hana video, ana daftari. Kinachogeuzwa ni kazi: ile nyepesi ifanyike nyumbani, na ile ngumu ifanyike mahali penye msaada.

Na sisi wa kilimo tusijifanye wageni. Shamba darasa unalolijua lilianza hivyo hivyo. Mwaka 1989 huko Indonesia, kwa programu iliyosaidiwa na FAO, wakulima wa mpunga waliosumbuliwa na wadudu walianza kukutana kila wiki shambani. Hawakukaa kuhutubiwa. Waliangalia mimea, wakahesabu wadudu waharibifu na wadudu rafiki, wakachora walichokiona, wakabishana, ndipo wakaamua wapulize dawa au wasipulize. Bwana shamba alikuwepo kuongoza na kuuliza. Hakuna aliyesema analipwa bure.

Je, inasaidia kweli?

Nisikuombe uamini maneno matupu. Mwaka 2014 Scott Freeman na wenzake walikusanya tafiti 225 kutoka vyuo vikuu, za masomo ya sayansi, uhandisi na hisabati. Walilinganisha madarasa ya kuhutubiwa tu na madarasa ambayo wanafunzi wanafanya kazi na kujadili. Katika madarasa ya kuhutubiwa, wastani wa waliofeli ulikuwa karibu 34 kati ya 100. Katika yale mengine, karibu 22. Ni vyuo vikuu, si shule ya kata, lakini tofauti ya watu 12 kwa kila 100 si ya kudharau.

Wapo wanaosema watoto watapotoshana, kipofu atamwongoza kipofu. Hata mimi nilidhani hivyo. Mwaka 2009 Michelle Smith na wenzake wa Chuo Kikuu cha Colorado walilipima jambo hilo kwenye somo la jenetiki. Baada ya majadiliano waliwapa wanafunzi swali jingine la aina ile ile, kila mtu ajibu peke yake. Wengi walipata. Hata kwenye vikundi ambavyo mwanzoni pengine hakuna aliyekuwa na jibu sahihi, watu waliboreka. Maana yake hawakuwa wanaiga jibu la mwenye akili. Kule kueleza na kupingwa ndiko kulikowasaidia kuliona kosa.

Mfanyabiashara unaweza kulithibitisha hili kwako. Ukitaka kumfundisha kijana mpya wa dukani kutoa chenji, je, unampa kanuni? Unamweka kando ya yule aliyejifunza mwaka jana. Huyo anakumbuka bado alikuwa anakosea wapi. Mimi na wewe tulishasahau.

Lakini nikikupa mazuri tu nitakuwa nauza. Njia hii ina mahali inapofeli. Katika chuo cha kijeshi cha West Point, Marekani, watafiti waligawa madarasa kwa bahati nasibu, mengine yakageuzwa, mengine yakabaki kama kawaida. Katika hisabati matokeo yalipanda kwa muda mfupi, lakini faida haikudumu mpaka mtihani wa mwisho. Tena pengo kati ya wanafunzi waliokuwa na nguvu na waliokuwa nyuma liliongezeka. Kugeuza peke yake hakutoshi. Mtoto ambaye nyumbani hakupata nafasi ya kusoma anakuja darasani hajui wenzake wanabishania nini, na siku hadi siku anaachwa.

Hapo sasa tunafika kwetu sisi wazazi.

Lawama inayotuhusu

Nilipouliza ni watoto gani wanaokuja bila kusoma ule ukurasa mmoja, mwalimu alinijibu kwa upole kwamba wengi ni wasichana. Hakueleza sababu na sikuhitaji aeleze. Naifahamu njia ya kisimani, naona nani wanabeba ndoo saa kumi na mbili jioni. Naona nani anapika, nani anaosha wadogo, na nani anapomaliza giza limeshaingia na taa iko sebuleni kwa wageni.

Kwenye kikao tulisema mwalimu hafundishi. Hatukusema kwamba mtoto hapewi nusu saa. Ukurasa mmoja na maswali mawili hauhitaji zaidi ya nusu saa. Kama kaka yake anaweza kukaa kibarazani na simu jioni nzima, nusu saa ipo, ila imegawiwa vibaya.

Hoja nyingine ni kwamba mtihani unakuja na mada hazitaisha. Hofu hii ni ya kweli na siidharau. Lakini tuulizane: hiyo njia ya kumaliza mada kwa kunakili ubao imetupa nini? Hisabati kidato cha nne ndilo somo ambalo kwa miaka mingi watoto wetu wanafeli kuliko mengine, na wanaofaulu hawajafika nusu ya watahiniwa. Mada ziliisha, daftari zilijaa, na mtoto akatoka bila kitu. Ni sawa na mkulima anayejisifu kumaliza ekari tano kwa siku tatu, ukienda kuangalia hakuna mche ulioshika.

Na hoja ya darasa kubwa, watoto 80 kwa mwalimu mmoja. Kwa darasa kama hilo, mimi naona njia hii inafaa zaidi. Mwalimu mmoja hawezi kumsikia kila mtoto akieleza anavyofikiri. Lakini watoto 80 wakijipanga wawili wawili, 40 wanaeleza na 40 wanasikiliza kwa wakati mmoja, na baada ya dakika wanabadilishana. Kelele unayoisikia barabarani ndiyo hiyo. Darasa hilo hilo likiwa kimya, anayefikiri pengine ni mmoja, naye ni mwalimu.

Nakiri lakini kwamba si kila kelele ni kazi. Zipo kelele za mwalimu aliyetoka kwenda kunywa chai. Njia ya kuzitofautisha ni rahisi. Simama dirishani dakika kumi. Je, kuna swali ubaoni? Je, watoto wamejibu kila mtu peke yake kwanza? Je, mwalimu yumo, anazunguka na kusikiliza? Je, mwisho anakuja kueleza na kuweka jambo sawa? Kama manne yote yapo, huyo anafundisha. Kama hakuna hata moja, hapo lalamika, na mimi nitalalamika nawe.

Watoto wa sokoni wanajua hesabu

Kuna utafiti mmoja wa Brazil ambao kila mfanyabiashara wa kijijini angefurahi kuusikia. Ulitolewa mwaka 1985. Watafiti walikwenda mji wa Recife, wakawafuata watoto watano wanaouza bidhaa mitaani na sokoni, wenye umri wa miaka 9 hadi 15. Kwanza waliwauliza kama wateja: nipe nazi kadhaa, ni shilingi ngapi, chenji yangu ngapi. Watoto walipata karibu majibu 98 kati ya 100. Baadaye wakawapa hesabu zile zile kwenye karatasi kama za shule, tarakimu tupu. Wakapata karibu 37 kati ya 100.

Mmoja wao aliulizwa bei ya nazi kumi, kila moja 35 kwa fedha ya kwao. Hakuongeza sifuri kama tunavyofundishwa. Alijua nazi tatu ni 105, akaongeza tatu nyingine, akaongeza tatu tena, akamalizia moja. Akafika 350. Kichwani.

Watoto wetu nao ni hao hao. Anayekusaidia gengeni Jumamosi anajua kugawa, anajua faida na hasara. Tatizo ni kwamba anachokijua hakikutani na kilichoandikwa ubaoni. Vinakutana pale anapopewa nafasi ya kusema kwa maneno yake, kwa lugha yake, mbele ya mwenzake anayempinga, kisha mwalimu aunganishe na maandishi ya mtihani. Mtoto anayenakili tu hapati nafasi hiyo.

Ninachoomba kabla ya kikao

Kwa wazazi nina maombi manne, na hakuna linalohitaji pesa nyingi.

1. Kila jioni muulize mtoto, "Leo mmebishania nini kwenye Hisabati?" Kama hujasoma, ni vizuri zaidi, mwambie akueleze wewe mpaka uelewe. Akikwama, atakuwa amejua anapokwama.

2. Mpe nusu saa na taa, msichana sawa na mvulana. Kazi za jioni zigawanywe.

3. Kama nyumbani haiwezekani kabisa, ongeeni na mwalimu na majirani. Watoto wanne au watano wanaweza kukaa nusu saa baada ya masomo kabla ya kurudi, wakausoma ule ukurasa pamoja.

4. Nendeni mkaangalie darasa kabla ya kupiga kura ya kumwondoa mtu. Mwalimu amesema mlango uko wazi.

Kwa mwalimu nami nina ombi. Mwalimu, ulikosea kutotueleza. Ulianza njia mpya kwenye watoto wetu na sisi tukaisikia kutoka kwao nusunusu. Njoo kikaoni na swali lako moja, utufundishe kama unavyowafundisha wao. Tuonyeshe vidole kifuani.

Mimi mwenyewe nimeshabadilika. Kwenye mikutano siulizi tena "Tumeelewana?" Siku mbili kabla natuma ujumbe mfupi kwa viongozi wa vikundi, wasomeane. Tukikutana natoa swali moja lenye majibu matatu au manne, mtu aamue peke yake, kisha atafute wa kubishana naye. Mara ya kwanza nilipouliza lile la hatua 35, wanaume wawili wazito wa kijiji walitoka nje kwenda kupima kwa miguu. Walirudi jasho likiwatoka, na tangu siku hiyo hakuna wa kuwadanganya kuhusu robo ekari. Yule mama wa mahindi ndiye anayenisaidia kuwaeleza wengine, na anaeleza vizuri kuliko mimi.

Kwa ajili ya kumbukumbu zako, uandike ukutani: ekari moja ni hatua 70 kwa 70. Nusu ekari ni 70 kwa 35, au kama ni mraba, karibu 50 kwa 50. Robo ni 35 kwa 35. Hatua ziwe ndefu, kama sentimita 90 hivi, na kama unalipia kodi au trekta, tumia kamba iliyopimwa, usitegemee miguu ya mtu.

Namalizia kwa swali jingine, na safari hii sitatoa jibu. Mfuko wa mbolea ulikuwa shilingi 70,000. Bei ikapanda kwa asilimia 20. Mwezi uliofuata ikashuka kwa asilimia 20. Je, imerudi 70,000, iko juu yake, au iko chini yake? Amua peke yako kwanza. Kisha muulize mwanao wa sekondari, na kama mmepishana, usimwambie akae kimya. Bishaneni. Tukutane kikaoni baada ya mavuno, kila mmoja aje na jibu lake.

Nawatakia kazi njema na mavuno mema.